Bomba Lililoishia Hewani

Nianze kwa kukiri: mimi ni mtu wa kupandwa na hasira haraka. Ukiniuliza swali wakati nimezama kwenye kompyuta, nitakujibu ili unyamaze tu, na mara nyingi nitakuwa sijasikia hata ulichouliza. Mama yangu amenisema kwa tabia hiyo tangu nikiwa msichana, nami nimekuwa nikijitetea kwamba kazi yangu inataka kichwa kilichotulia. Ni kweli inataka. Ila kichwa changu hakijawahi kutulia, na watu wa nyumbani wanajua.

Kazi yenyewe ni kuchora mabomba. Watu wa Kamina, mji wetu wa reli huku Katanga, wakiniuliza nafanya nini ndani siku nzima, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, nawaambia hivyo nao wanacheka, kwa sababu mtu anayechora bomba hawamjui. Wanamjua anayelichimbia mtaro. Ninafanyia kazi ofisi moja ya uhandisi iliyoko Lubumbashi. Wenzangu wanachora kuta, nguzo na paa, mimi naingiza ndani yake maji safi na maji machafu. Jengo zima liko kwenye kompyuta, unaweza kuligeuza huku na huku kama mama anavyogeuza chungu sokoni akitafuta ufa. Nilisomea huko huko Lubumbashi, nikarudi Kamina mama alipoanza kuumwa miguu, na ofisi ikakubali niendelee kutoka huku mradi mtandao uwepo na betri za sola ziwe na chaji.

Kuna jambo moja katika kazi hii ambalo sina budi kulieleza, maana ndilo lililoniumiza. Ndani ya programu, bomba si mstari tu. Linajua limeungana na nani. Ukisogeza sinki, bomba lililoungwa nalo linafuata, linajirefusha, kiwiko kinajigeuza chenyewe, na wewe unajiona fundi wa mafundi. Lakini ukisogeza kupita kiasi, au kiwiko kikikosa nafasi ya kugeukia, kinatokea kidirisha kidogo cha manjano. Kinakuambia kwa Kifaransa kwamba vipande haviwezi kubaki vimeshikana, kisha kinakupa kitufe cha kuvitenganisha. Ukibonyeza, kidirisha kinaondoka na kazi inaendelea. Bomba linabaki pale pale, rangi ile ile, unene ule ule, ila limekatika. Ukilitazama kwa mbali utaapa kwamba ni zima.

Njia ya kujua ni kushika kipande kimoja, halafu kubonyeza kitufe fulani mara mbili tatu mpaka mstari wote ulioungana ung'ae buluu. Buluu ikikoma katikati ya njia, hapo pana mkato. Ni kazi ya dakika moja. Nilikuwa nikiifanya kila mara kabla ya kuchapa ramani, isipokuwa siku za haraka, na kwangu siku za haraka zilikuwa nyingi.

Ofisi yetu ikapata kazi ya kuchora wodi mpya ya wazazi hapa hapa Kamina. Nilifurahi mno. Miaka yote nilikuwa nikichora mabomba ya mahali nisipopajua, na sasa ningeweza kwenda kuyashika kwa mkono. Furaha ikaongezeka niliposikia kwamba fundi bomba mkuu atakuwa mjomba wangu, mdogo wake mama.

Mjomba amefanya kazi ya mabomba zaidi ya miaka thelathini. Ametengeneza nyumba za watu wa reli, nyumba ya mapadri, mashule. Anaweka sikio ukutani na kukuambia maji yanavuja wapi. Ramani anaisoma polepole, kidole kwenye mstari, midomo ikichezacheza kama mtu anayesali rozari. Mimi ananiita mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na kwetu mtoto mwenye jina la bibi anapewa na heshima zake. Akinikuta kwenye kompyuta alikuwa hakosi la kunichokoza. "Mama, hii tuyau yako ya sinema, mayi inapitaka kweli?" Nami namjibu kwamba bomba langu halivuji kama lake. Tulikuwa hivyo.

Mwanzoni mwa ujenzi alipatwa na aibu kidogo. Aliona bomba langu moja la maji machafu linazunguka bure, akalinyoosha kwa akili yake. Kusema kweli alikuwa na haki, nililichora ovyo. Lakini mhandisi wa ofisi yetu, aliyekuwa akija kutoka Lubumbashi kukagua, alikasirika, akawaambia mafundi wote kwamba hapa wanafuata ramani, hawafuati kichwa cha mtu. Mjomba akaitikia: "Ndiyo, papa ingénieur." Tangu siku hiyo akawa anafuata ramani hata pale ilipomchekesha, na akiwa na shaka anapiga simu kuniuliza kwanza.

Wiki kadhaa baadaye mkunga mkuu akaomba sinki la chumba cha kuzalia lihamishwe. Tulikuwa tumeliweka kwenye ukuta ambao akinawa mikono anampa mgongo mwanamke aliye kitandani, naye alitaka awe anamwona. Lilikuwa ombi la mtu anayejua kazi yake, na niliona haya kwamba halikunijia mwenyewe. Mhandisi akanipigia asubuhi, anataka karatasi mpya ifike kwenye chantier kabla ya saa sita. Chantier ndivyo tunavyoita mahali pa ujenzi.

Nikafungua jengo, nikashika sinki, nikaliburuta mpaka ukuta wa pili. Bomba likafuata, likafuata, kisha kile kidirisha cha manjano kikatokea. Nikabonyeza kitufe kama mtu anayefukuza inzi, nikijisemea nitarudi. Betri ilikuwa inaonyesha nyekundu. Nikaichukua ramani kwenye flash mpaka duka la kuchapa la karibu na gare, stesheni ya reli, nikampa mtu wa pikipiki aipeleke. Sikurudi kwenye kile kidirisha. Hata kukikumbuka sikukumbuka.

Siku mbili zikapita, simu ya mjomba ikalia nikiwa katikati ya hesabu za jengo jingine.

"Mama, hapa mu chumba ya kuzalia, tuyau inaishia mu hewa. Kati yake na lavabo kuko nafasi. Iko vile, ao ni kosa?"

"Yomba, ufuate tu plan."

"Nifuate?"

"Ee, ufuate. Niko na kazi."

Nikakata simu. Nimeyasema maneno haya tena na tena kichwani mwangu tangu wakati ule, nikitafuta mahali ambapo huenda nilikuwa na adabu kidogo, na sipati. Mtu mzima, mdogo wa mama yangu, ameona kwenye karatasi kwamba bomba halifiki kwenye sinki, kosa langu lenye ukubwa wa punje ya mchele, na ameniuliza kwa heshima. Nami nikamfukuza.

Mchana nilipokuwa nakula, lile neno "hewa" likanirudia. Nikaacha bukari, ugali wetu, mezani, nikafungua jengo, nikashika bomba na kubonyeza kile kitufe. Buluu ikaenda kutoka kwenye tangi, ikapita korido, ikaingia chumba cha kuzalia na kukoma juu ya dari. Nikarekebisha palepale: nikalishusha bomba kidogo ili kiwiko kipate nafasi, nikaliunga na sinki, nikajaribu tena, na safari hii buluu ikafika mpaka kwenye koki. Nikahifadhi, nikatuma jengo lililosahihishwa Lubumbashi kwa mtandao kama kawaida.

Kilichobaki kilikuwa kuchapa karatasi mpya na kumpelekea mjomba, au kumpigia simu tu na kumwambia, yomba, ulikuwa na haki. Sikufanya hata kimoja. Leo nikijihoji najipa sababu nyingi: mvua ilinyesha, mashine ya dukani ilikuwa mbovu siku mbili, nilikuwa na jengo jingine la kumaliza. Yote hayo yalikuwepo, na hakuna hata moja lililonizuia. Nilichokiona kigumu ni kumwambia mtu niliyemjibu vibaya kwamba yeye ndiye aliyeona sawa. Nikajiambia kwamba fundi wa miaka thelathini hawezi kuacha sinki bila maji, ataliunga tu. Nilijitia hamnazo. Nilisahau kwamba sisi wenyewe ndio tuliomkataza kufuata kichwa chake.

Yeye alifanya kama alivyoambiwa. Alilifikisha bomba pale lilipoishia kwenye karatasi, akalifunga kwa kizibo, na maseremala wakaja wakapigilia dari.

Siku ya kujaribu maji mhandisi alikuja, na mimi nikaenda kwa miguu, nimevaa kitenge kipya, kwa sababu nilitaka kuona mabomba yangu yakifanya kazi. Waashi walikuwepo, maseremala walikuwepo, mkunga mkuu naye alikuja na wenzake wawili. Mjomba akafungua tangi. Tukatembea chumba hadi chumba tukifungua koki, maji yanakohoa kidogo kisha yanatoka, watu wanashangilia. Tukafika chumba cha kuzalia. Mkunga akafungua koki mwenyewe. Hakuna. Akaifungua mpaka mwisho, tukasikia hewa kidogo, basi. Watu wote wakamgeukia mjomba, na mimi nilijua sababu kabla ya mtu yeyote.

Mhandisi akatoa kompyuta yake ndogo ya mkononi, akalifungua jengo.

"Papa, angalia hapa. Mu plan, tuyau iko inafika mpaka ku lavabo. Juu ya nini weye uliikatia huku juu?"

Mjomba akatoa karatasi yake mfukoni, imekunjwa mara nne na kuchakaa, akaifungua juu ya paja. "Papa ingénieur, yangu iko vile hii. Inaishia hapa."

"Hii haiko ya mwisho. Kuko ingine ya mupya."

"Ya mupya minyi siyaiona."

Mhandisi akanigeukia. Alikuwa amechoka na safari, macho mekundu kwa vumbi. Akaniuliza: "Ile plan ya mupya iko?"

"Iko," nikasema.

Kwa msomaji asiyekijua Kiswahili chetu cha Katanga, lazima niseme kidogo juu ya neno hili. Kwetu iko inabeba kila kitu. Ukiuliza kama mama yupo nyumbani, utaambiwa mama iko. Chakula kikiwa tayari, bukari iko. Mtu ni mzima, iko muzuri. Wenzetu wanaosema Kiswahili cha vitabuni wangeuliza: ipo, imechapwa, imetumwa, imepokelewa? Sisi tunasema iko na kila mtu anajijazia. Mhandisi alijijazia kwamba karatasi ilifika kwenye chantier. Mimi nilijua kwamba iko ndani ya kompyuta tu, na kwamba karatasi yake haijachapwa. Neno langu lilikuwa kweli tupu, na nililichagua kwa sababu hiyo. Nililiona lile tundu na kujificha ndani yake, yote hayo kwa muda wa kupepesa jicho.

"Umesikia?" mhandisi akamwambia mjomba. "Plan iko. Basi unasema bongo mbele ya bantu bote hawa."

Mjomba angeweza kusema, nilimpigia simu huyu, nikamuuliza, akaniambia nifuate. Simu ilikuwa mfukoni mwake, namba yangu imo. Hakusema. Ningekuwa mimi ningesema, tena kwa kelele. Yeye aliniangalia mara moja tu, bila hasira, kama anayesubiri nimalize sentensi. Mimi nikaangalia koki. Hapo akaikunja karatasi yake mara nne, akairudisha mfukoni. Mhandisi akamwambia aache funguo za stoo, kwamba atatafutwa fundi mwingine wa kubomoa dari na kurekebisha. Akaziweka funguo juu ya sinki kavu akaondoka, na waashi wakampisha mlangoni.

Bongo kwetu ni uongo. Mjomba ameitwa muongo. Mtu ambaye Jumapili anaimba sauti ya chini kwenye kwaya, ambaye akiazima msumari anaurudisha. Na aliitwa hivyo mbele ya yule anayemwita mama. Nilirudi nyumbani kitenge kimelowa jasho mgongoni.

Mama alikuwa ameshasikia kabla sijavua viatu. Habari Kamina hazihitaji mtandao. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda.

"Ndugu yangu alifanya nini?" akaniuliza.

"Ni mambo ya kazi, mama."

"Banasema alikataa plan. Ndugu yangu hawezi kukataa plan. Weye ulikuwa kule. Aliikataa?"

"Mama, niache kwanza."

Akaniacha. Kwa mara ya kwanza hakunisema kwa kumjibu vile, na nilitamani anigombeze. Jioni alisukuma sahani yake ya sombe, majani ya muhogo, akasema hana njaa, mimi nikasema sina njaa, sombe ikabaki hapo ikipoa.

Jumapili mjomba hakuonekana kanisani. Watu waliniuliza mimi, kwa kuwa ni mtoto wa dada yake, na nikawajibu kwamba huenda hajisikii vizuri. Sasa nilikuwa nadanganya kwa maneno kamili, si kwa iko tena. Jumatatu nilijaribu kuandika barua kwa mhandisi. Nilianza mara tatu kwa Kifaransa kizuri cha ofisi, na kila mara niligundua kwamba Kifaransa kile kinanisaidia kutoroka: kosa la mawasiliano lilitokea, toleo jipya halikusambazwa. Halikusambazwa na nani? Nikafuta. Niliogopa sana, siwezi kuficha. Kazi hii ndiyo inayoleta dawa za mama, na Kamina hakuna ofisi nyingine inayohitaji mtu wa kuchora mabomba kwenye kompyuta. Nilijiona nikiishia kuuza samaki wakavu wa Mulongo sokoni na diploma yangu imetundikwa ukutani.

Jumanne nikampigia mhandisi simu. Nikasema yote kwa Kiswahili, bila kupumzika: kidirisha cha manjano, simu ya mjomba, jibu langu, jinsi nilivyosahihisha kimyakimya na kutotuma karatasi. Na lile iko. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza.

"Unayua ile siku nilimuita mubongo mbele ya bantu?"

"Ninayua, papa ingénieur."

"Basi umuambie arudie ku kazi. Na weye usirudilie tena."

Ni hayo tu. Hakunifukuza, hata sauti hakupandisha. Akaniuliza habari ya jengo jingine nitalimaliza lini. Nilipoweka simu chini nilitegemea kujisikia mwepesi, na badala yake nikakasirika: mjomba alipoteza kazi kwa neno la dakika moja, bila kosa, na mimi mwenye kosa nimepewa onyo lisilofika hata nusu ya karipio la mwalimu wa shule ya msingi. Nilijikasirikia, nikamkasirikia na mhandisi, na bado nilishukuru kwamba kazi ninayo.

Nikaenda kumtafuta mjomba. Alikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja Mwislamu, ambaye wazee wake walitoka Maniema na biashara zao zamani, na ambaye mjomba amekuwa mteja wake tangu ujana. Mzee alikuwa amempa kazi ya kuwakatia wateja mabomba. Nikasalimia, mzee akaitikia salamu yangu, akaona uso wangu, akasogea nyuma kuhesabu viwiko ambavyo nadhani alikuwa ameshavihesabu. Mjomba hakuacha kukata. Nikasubiri msumeno umalize.

"Yomba, ingénieur anasema urudie ku kazi. Anayua sasa kama haukusema bongo. Nilimuambia yote."

Akapuliza unga wa plastiki kwenye ncha ya bomba. "Ulimuambia wapi?"

"Ku telefone."

"Naye alisema nirudie, alisemea wapi?"

"Ku telefone, yomba."

Akaweka bomba chini, sasa akaniangalia. "Na minyi, baliniita mubongo ku telefone?"

Nilikuwa nimejipongeza njia nzima kwa ujasiri wangu, nikidhani nimeleta zawadi. Akaongeza, bila ukali: "Nilikuulizaka. Unakumbuka? Nilikuuliza kama iko kosa. Sikukuuliza juu ya kukuchokoza." Kisha mteja akaja akataka bomba la nusu inchi, naye akachukua msumeno wake.

Asubuhi iliyofuata niliwahi kwenye chantier, saa moja, wakati mafundi wanasimama kugawana kazi. Msimamizi wa pale nilimwomba dakika mbili. Mkunga mkuu alikuwa anapita kwenda zamu yake, nikamwomba naye asimame. Nilikuwa na ile tamaa ya kuanza na maelezo ya programu, kwamba kuna kidirisha, kwamba kuna buluu. Nikaiacha.

"Ile siku ya mayi," nikasema, "yomba wangu hakusema bongo. Plan ya mupya haikufika kwake. Njo minyi sikuituma. Aliniuliza ku telefone, nikamujibia vibaya. Na ingénieur aliponiuliza, nikajibia iko, na niliyua kama hapa haikufika."

Mwashi mmoja, mtu mzima mwenye koleo begani, akaniuliza: "Na juu ya nini ile siku ulinyamaza?"

Ndilo swali pekee lililofaa kuulizwa. "Niliogopa," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, sikujua kama ni kwa kuelewa au kwa dharau. Mkunga akasema, "Umefanya vizuri kuja," akaenda zake kwa sababu alikuwa na mwanamke anamsubiri. Wengine wakarudi kwenye sementi yao. Hakuna aliyenitukana. Nilitembea mpaka barabarani ndipo nikalia, nimesimama kando ya baiskeli za makala, mkaa wa kuuza, na wenye makala wakajifanya hawanioni.

Mjomba alirudi kazini siku iliyofuata. Nadhani mwashi yule ndiye aliyempelekea habari, mimi sikwenda kujisifu mara ya pili. Walibomoa mbao tatu za dari, akapanda ngazi, akatoa kizibo alichokuwa amekiweka mwenyewe na kuliunga bomba na sinki kwa mkono wake. Nilikuwepo, nimesimama korido. Koki ilipofunguliwa maji yalitoka mekundu kwanza, kisha yakasafika, na mkunga akanawa mikono akitazama mahali kitanda kitakapowekwa. Watu walipiga makofi. Mjomba alipangusa vyombo vyake kimoja kimoja kwa kitambaa, akavirudisha kwenye mfuko, akanisalimia kama anavyomsalimia kila mtu.

Mama alimpikia Jumapili iliyofuata, mjomba akaja, akala, wakacheka kuhusu mambo yao ya utoto kule kijijini upande wa Kabongo. Nilihudumia, nikamwagia maji ya kunawa. Aliniita mama kama kawaida. Nikaanza kufikiri kwamba yamekwisha.

Mwezi uliopita ofisi ikaongeza jengo la kufulia nguo nyuma ya wodi. Nilichora mabomba yake kwa uangalifu ambao sijawahi kuwa nao. Kila kidirisha cha manjano nilikisoma mpaka mwisho, kila mstari niliuangalia ukigeuka buluu kutoka kwenye tangi hadi koki ya mwisho, mara mbili, mara tatu. Nikachapa na kuipeleka ramani mwenyewe kwa miguu. Mjomba akaitandaza juu ya meza ya seremala, akaizuia pembe kwa mawe manne, akaanza kuifuata kwa kidole, midomo ikicheza. Mimi nilisimama upande wa pili wa meza nikisubiri maswali yake.

Karibu na mwisho kuna mahali ambapo bomba linapita nyuma ya boriti, na kwenye karatasi haionekani vizuri linatokea upande gani. Nilijua kwamba haionekani vizuri. Kidole chake kikafika hapo kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikasogea tena, kikasimama. Nikangoja aseme, mama, hapa iko namna gani? Hakuuliza. Alikaa na kidole chake pale, kisha akakiinua na kukiweka upande wa pili wa boriti, kama mtu anayeruka dimbwi, akaendelea.

"Yomba," nikasema, "pale tuyau inapita nyuma ya boriti, inatokea kushoto."

Hakuinua uso. Akachomoa kalamu ya seremala kutoka nyuma ya sikio lake, akaisukuma kuelekea kwangu juu ya karatasi.

"Uandike," akasema.

Nikainama nikaandika.